Maneno Marefu ya Mlimani

Pasaka hii walikuja wote. Binti yangu wa Columbus na watoto wake, mwanangu wa Buffalo na wa kwake, wakajazana katika apatimenti ya binti yangu mkubwa hapa Iroquois, South End ya Louisville, huku Amerika, mpaka viatu mlangoni vikawa kama soko la mitumba. Mimi ninaishi na huyo mkubwa. Nikapewa kochi langu, sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, nikaambiwa, "Baba, wewe kaa tu." Bon, nikakaa. Rafiki yangu, mzee akishaambiwa akae tu, kinachobaki kufanya kazi ni masikio.

Nayo masikio yakasikia vita ya wajukuu. Hawakugombania nyama wala simu. Waligombania namna ya kusema Kiingereza! Mjukuu wa Buffalo anapanua mdomo kama anayemwonyesha daktari jino bovu, na sauti inapitia puani. Barabara kuu za kwao hazitaji hivi hivi, anazitangulizia kaneno "the" kama cheo, utadhani barabara ni chifu. Wa Columbus wanasema wao hawana lafudhi yoyote, eti wanasema kama televisheni. Lakini wakitaka kusema gari linahitaji kuoshwa, wanaruka neno katikati kama mtu anayeruka dimbwi, na wenzao waliwakamata papo hapo. Halafu kuna huyu wa hapa nyumbani, msichana niliyemlea mgongoni mwangu. Yeye anavuta. Neno ambalo binamu zake wamekwisha kulimaliza, yeye bado anatembea nalo polepole njiani. Jina la mji huu wetu analimeza nusu, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na wazungu wa South End wanameza vilevile. Ukilitamka lote wanajua umefika jana.

Kiingereza changu mimi ni cha ghalani tu: beba, weka, subiri, asante. Nilifungasha maboksi miaka mingi karibu na mzee mmoja mzungu, mtu mwema, alikuwa na mbwa asiye na mkia. Yeye alivuta maneno kuliko wote. Sikumwelewa, lakini nilipenda kumsikiliza. Lakini nisipotee.

Kijana wa Buffalo akamwambia msichana wetu, "Wee, unaongea kama mkulima! Nyumbani kwenu kuna mbuzi ngapi?" Kicheko. Hata yeye msichana alicheka. Kisha baadaye, nikienda chooni, nikamkuta kwenye korido na binamu yake wa Columbus. Msichana wetu yuko karibu kufanya usaili wa kazi ya kupokea simu, na mtu amemtisha kwamba sauti ile ya kuvuta itamkosesha.

"Sema tena," binamu anamwambia. "Fupi."

"Hivi?"

"Bado unavuta. Kata!"

Nilirudi kwenye kochi, samaki akanishinda. Binti yangu akaniona. "Baba, una nini? Watoto wanacheza tu."

Nikamwambia, "Hata ule ulikuwa mchezo."

Hakujua ni upi. Sijawahi kumwambia. Nakuambia wewe.

Kwetu ni milimani, juu kabisa ya Kivu ya Kusini, kule ambako ukungu unaingia nyumbani bila kupiga hodi. Asubuhi mlango ukifunguliwa huoni zizi, unalisikia tu: ndama wanalia, mama anakamua, maziwa yanapiga chiriii kwenye mti wa chombo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzoa mavi ya ng'ombe kwa mikono, na usikunje uso, asubuhi ya baridi yale mavi ndiyo moto wa mtoto. Tulikula viazi na maziwa ya kuganda, mahindi ya kuchoma, siku ya sikukuu nyama. Nyanya yangu alikaa karibu na jiko akitikisa kibuyu cha maziwa mapajani ili siagi itoke, dubu, dubu, dubu. Kibuyu kilifukizwa kwa moshi wa majani, na moshi ule ulibaki ndani ya maziwa. Maziwa ya hapa, ya galoni, hayanuki kitu. Nayanywa tu kwa sababu ya mifupa.

Sasa, mlima wetu ulitazamana na mlima mwingine, na katikati bonde. Mtu wa kule unamwona akianika nguo, lakini kumfikia, ushuke, uvuke mto, upande, jua linazama. Kwa hiyo watu hawakwenda, waliita. Kila mlima ulikuwa na mtu wake wa kuita, na wa kwetu alikuwa nyanya. Jioni alisimama ukingoni, mkono kando ya sikio, akatoa habari: nani mgonjwa, ng'ombe wa nani hajarudi, nani amejifungua, lini tutakula meza ya Bwana. Ng'ambo alijibu jirani yetu, mama mzee kama yeye. Uso wa yule mama niliuona mara chache kanisani. Sauti yake niliijua kama ya mama yangu mzazi.

Na kuita si kupiga kelele. Ni kuvuta. "Neno fupi linaanguka mtoni," nyanya alikuwa anasema. Ukitaka neno livuke, lirefushe mwishoni, lipande kidogo, liachie. Tulizoea hivyo mpaka ndani ya nyumba. Mtu anaomba chumvi iliyo pale mguuni pake, anaiomba kama iko mlima wa pili. Na kila mlima ulivuta kwa namna yake. Mgeni akisimama kanisani kutoa salamu za kwao, kabla hajataja kwao ni wapi, nyanya ananinong'oneza, "Huyu wa upande wa mianzi." Na kweli, wa upande wa mianzi.

Shuleni tulikuwa na mwalimu mmoja, mtu wa chini, wa kando ya ziwa. Shati lake jeupe lilipigwa pasi ya makaa kila siku, hata kama nusu ya darasa halina shati. Yeye alikata maneno kama anayekata miwa. Sisi alituita "watu wa kuvuta".

"Nyinyi mnaongea kama ng'ombe anayezaa," anatuambia.

Nasi tulicheka! Usidhani tulilia. Tulicheka, tukaigana wenyewe kwa wenyewe njia nzima ya kurudi nyumbani, wewe ng'ombe, hapana, wewe ndiye ng'ombe. Ndio mchezo niliomwambia binti yangu.

Ikaja habari kwamba mkaguzi wa shule atapanda kutoka chini, asikilize watoto wakisoma, achague mmoja tu wa kwenda kulala na kusoma kule ziwani. Nafasi ni moja. Mwalimu mwenyewe alimwambia baba kwamba herufi nazijua kuliko wote. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Akasema, "Ukichukuliwa, nenda. Usipochukuliwa, fimbo ya ng'ombe iko pale." Donc, ilikuwa hivyo, kitabu au fimbo. Na mimi nilitaka kitabu, ndugu yangu. Nilikitaka vibaya. Nilikuwa nasoma hata maandishi ya gunia la chumvi.

Nyanya hakujua a wala be, lakini akachukua kazi ya kunitayarisha.

"Huyo mkubwa atakuwa ameketi wapi?"

"Mbele, nyanya."

"Na watu watakuwepo?"

"Mlima mzima."

"Basi hilo ni jambo kubwa. Jambo kubwa halisemwi kama mtu anayetafuna."

Kila jioni, akimaliza habari zake, alinisimamisha mahali pake na kitabu changu, nami nausomea mlima wa pili. Ukurasa wenyewe ulihusu mkulima ambaye mbuzi wake alikula mahindi ya shemeji. Jirani wa ng'ambo anasikiliza mpaka mwisho, halafu anaita, "Tumesikiaaa! Huyo mbuzi amelipwaaa?" Kesho yake tena, "Na shemeji je, amesameheee?" Alidhani ni kesi ya kweli ya upande wetu. Nyanya alicheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi na pindo la kitenge. Sikumwona tena akicheka vile.

Siku ikafika. Mkaguzi akaja na matope mpaka magotini, anahema, wakampa maziwa. Wazazi walijaa nje, madirishani. Watoto wakasoma. Mtoto wa mwinjilisti, aliyewahi kukaa ziwani kwa mjomba wake, alisoma kwa kujikwaa, akaruka mstari mzima, lakini maneno aliyakata. Kisha mimi.

Nilisimama. Nikaweka mkono kando ya sikio. Nikaangalia dirishani, juu ya vichwa vya watu, mpaka mlima wa pili, na nikauita ule ukurasa. Wote. Mkulima, mbuzi, shemeji, sikuacha herufi. Nilivuta kila mwisho kama nilivyofundishwa. Ninakuambia ukweli, nilijisikia vizuri kuliko siku nyingine yoyote ya utoto wangu. Nilipomaliza nikangoja jibu, kama tunavyongoja sauti ivuke bonde.

Mkaguzi akamgeukia mwalimu. "Huyu anasoma, au anaita mbuzi warudi?"

Mwalimu angeweza kusema, bwana, mtoto hakukosea hata mahali pamoja. Alijua. Alikuwa ameshika kitabu na kidole chake kilinifuata mstari kwa mstari. Lakini yeye ndiye aliyeanza kucheka. "Ndivyo walivyo huku, bwana mkaguzi."

Akachukuliwa mtoto wa mwinjilisti.

Nyanya aliingia. Wanawake hawakuwa wanaingia mle wakati wa wageni, yeye akaingia, amebeba kibuyu cha maziwa aliyomwekea mkubwa. Akauliza kwa adabu, "Mwalimu, mtoto amekosa wapi?"

Yule mwalimu akaweka mkono kando ya sikio lake. Akamjibu kwa sauti yake mwenyewe nyanya, ileile, "Amekosaaa waaapi, mamaaa!"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Watoto wa mlima wetu, waliokula viazi jikoni kwa nyanya, walicheka. Mkaguzi alitoa kitambaa akafuta macho. Nyanya akamnyoshea kibuyu kwa mikono miwili, maana mgeni ni mgeni, akatoka.

Jioni ile nilikuwa nafunga ndama. Ng'ambo jirani akaita, "Amepitaaa? Mtoto amepitaaa?" Nyanya alikuwa amesimama mlangoni pa zizi. Akaingia ndani, nikasikia kibuyu, dubu, dubu. Jirani akaita tena, na tena. Mimi sauti nilikuwa nayo, nikataka kujibu. Nyanya akasema kutoka ndani, "Wacha. Atadhani tumelala."

Nyanya hakuita tena kesho yake, wala siku yoyote. Ikaja masika, mto ukajaa, hakuna aliyevuka. Nyasi zikaharibika na baba akatuhamisha sote na ng'ombe, mbali, upande wa msitu, nami nikaanza maisha yangu ya fimbo. Na kule nyanya alianza kukata maneno. Mgeni akija, mama mzee yule anajikaza kusema kama watu wa ziwani, fupi, fupi, kama mtu aliyeng'olewa meno, akisita kwanza kuona kama tutamcheka. Nafasi ya shule nimeisamehe. Labda ningekuwa karani, na makarani nao waliuawa kama wachungaji wa ng'ombe. Lakini kule kusita kwake sijakusamehe mpaka leo, na mwalimu akifufuka nitamwambia hivyo usoni.

Halafu vita ikaja, ikala milima, unajua. Mahali pa nyanya pa kuitia pameota majani. Mlima wa pili ulichomwa. Namna ile ya kusema, ya mlima wetu peke yake, sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyebaki nayo. Mwaka fulani nilipanda juu ya Iroquois Park, pale wanapoegesha magari kutazama mji, nikajaribu kuita. Mama mmoja mwenye mbwa akanikimbilia kuuliza kama nimeumia.

Kambini, kabla ya kuletwa Amerika, nilikutana na mwanamke wa mlima ule wa pili. Tukahesabiana watu, aliyepona, asiyepona. Nikamuuliza jirani yetu, yule mama wa kuita. Akasema alikufa kabla mlima haujachomwa, Mungu alimhurumia. Kisha akanitazama vizuri.

"Kumbe ni weye yule mtoto?" akasema. "Alikusema mpaka kufa. Tulipoona kwenu moshi hautoki tena, akatuambia sote: ndiyo maana hawakunijibu. Mtoto amepita, wameshuka naye ziwani, na nyanya yake amekwenda kumpikia."

Akanisogezea daftari la majina la wasimamizi wa kambi lililokuwa linapita, mahali pa kuweka sahihi, akasema, "Donc, tuandikie sisi, mwalimu. Sisi hatukusoma."