Mwanamke wa Shaba Aliyeomba Nguo

Wapo wanaosema nilikuwa nimechoka na kazi. Sikuchoka! Akili zangu zilikuwa timamu, na haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Sydney, mwaka ule nilipoanza kuwatunza wazee.

Nilikuwa nikimhudumia Bibi Joan, mjane wa mtaa wa Parramatta. Mumewe alimwachia kabati la kioo lenye sanamu ndogo za shaba, kimo cha chupa ya soda. Ni kazi ya Waitaliano wa zamani sana, walioiga sanamu za mawe za Wagiriki na Warumi. Mojawapo ilikuwa ya mwanamke anayeoga, kachuchumaa uchi, mkono begani. Ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni Helen, binti wa bibi. Mimi nilipangusa kioo kwa nje tu.

Jioni moja ya Julai, baridi na mvua, nikashuka stesheni ya Guildford nilikokuwa nikiishi. Kando ya ukuta kachuchumaa mwanamke, hana hata uzi mwilini. Mweusi, ngozi inang'aa kwa maji. Wewe ungefanyaje? Nilijua ni mwenzetu, kapatwa na shida.

"Dada, nisitiri," akasema. Kwa Kiswahili! Hadi sasa najiuliza, shaba ya Italia imejifunzia wapi Kiswahili?

Nikatoa mkobani leso yangu ya kujitanda, nikamfunika. Nilipomshika bega nimwinue, haki ya Mungu, lilikuwa baridi na gumu kama sufuria. Pete yangu ikaligonga, likalia ngo! Nikageuka kuita watu. Kutazama tena, hayupo.

Asubuhi nafika kazini, Helen kafura mlangoni. Ndani ya kabati, na limefungwa, leso yangu imemzunguka yule mwanamke wa shaba, maji yanachuruzika mpaka kwenye zulia.

"Umefunguaje kabati langu?"

"Ufunguo si unao wewe shingoni?"

"Mwizi mkubwa!"

Mwizi wa nini? Mwizi gani huingia nyumba ya watu akaacha nguo yake, asichukue hata kijiko? Niambie!

Bibi Joan alikuwa kitini pake, akacheka. "Usimgombeze, Helen. Huyo hutoka mvua ikinyesha. Baba yako alikuwa akimwekea taulo."

Helen akasema mama yake ni mgonjwa wa kusahau, maneno yake si ya kusikilizwa. Mchana huohuo ofisi iliyoniajiri ikanipigia simu nisirudi tena. Leso nikanyimwa, eti ni ushahidi. Ushahidi wa nini, na hakuna kilichopotea?

Mahali pangu wakampeleka Espérance, dada wa Kirundi, mpole, mtu wa kanisa. Mvua ya kwanza tu akanipigia simu analia: "Dada, pagne yangu, kitenge changu, iko ndani ya kabati. Wananifukuza." Na yeye mwizi?

Siku hizi naishi Minto. Kiganja nilichomshikia yule mwanamke kinanuka shaba mpaka leo. Nimesugua kwa ndimu, kwa majivu, wapi! Kanisani watu wakinipa mkono hunusa vidole vyao, wakidhani sioni.

Sikuambii umnyime nguo mtu aliye uchi. Mpe. Hata leo mimi ningempa. Ila kabla hujamfunika, mwulize analala nyumba ya nani. Na akikutajia watu unaowafanyia kazi, basi, ndugu yangu, kesho yake usiende.