Nyimbo Zilizonitoka Kichwani

Kabla ya saratani ya matiti, nilikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa letu hapa Kimbo, Ruiru. Sikuwa na haja ya kitabu. Nyimbo zote nilikuwa nazo kichwani, kuanzia soprano hadi besi, na mwimbaji wa alto akipotea nilimwimbia sehemu yake huku mkono ukiendelea kuwaongoza wengine.

Matibabu ya kemo, zile dawa kali za saratani, yalipokwisha, nilirudi kanisani nikiwa na kilemba, maana nywele zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuota. Walinipokea kwa vigelegele. Nilisimama mbele ya kwaya, tukaimba ubeti wa kwanza. Wa pili haukuja. Ni wimbo niliokuwa nimewafundisha mwenyewe, lakini nilipoutafuta sikukuta hata neno moja. Kwaya ilinitazama, ikangoja, kisha sauti moja upande wa soprano ikaanza yenyewe na wengine wakaifuata. Wiki iliyofuata nilisema bado nina uchovu, wakateua mwalimu mwingine.

Sikumweleza mtu, hata mume wangu. Ningelalamikia nyimbo vipi, na baadhi ya wenzangu wa wodini tulishawazika?

Siku moja nikiwa kliniki kule Thika, muuguzi aliyekuwa akifanya utafiti wa masomo yake alikuja kuketi kando yangu.

"Mama, tangu umalize kemo, kuna vitu unasahau?"

Machozi yalinitoka kabla sijajibu. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Si wewe peke yako," akasema. "Na si wazimu. Dawa hizo huwasahaulisha wengi. Nataka kuona kama tukipunguza hii stress, kichwa nacho kitapata nafuu. Utakuja kwenye mazoezi?"

Nilikwenda. Tulikuwa wanawake wachache katika chumba kidogo nyuma ya kliniki, viatu tumeviacha mlangoni. Alitufundisha kuvuta pumzi taratibu, kulegeza mabega, na kutaja waziwazi kinachotutisha. Pia alitusomea maneno ili tuyarudie: ndoo, barabara, kitunguu, na mengine. Mimi niliambulia ndoo. Aliyeketi karibu nami, mama mkulima wa Ngoliba, hakuambulia chochote.

"Sista, usishangae," akamwambia muuguzi. "Juzi nimetafuta mbuzi mpaka jioni, kumbe ni mimi nilimfunga nyuma ya nyumba."

Tulicheka mpaka tukashikana mikono. Nyumbani sikuwa nikicheka hivyo. Nyumbani nikisahau sufuria motoni, watu walitazamana tu.

Ni huyo mama niliyemweleza habari za kwaya, tukiwa nje juani tunasubiri kuitwa. Hakuniambia nishukuru kwa kuwa hai. Aliniuliza tu, "Unatamani kusimama pale tena?"

"Sana," nikasema. "Zaidi ya ninavyotamani titi langu lililokatwa."

Sikujua kwamba ndivyo ilivyokuwa mpaka nilipojisikia nikisema. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha tukaitwa.

Utafiti ulipofika mwisho, nilimuuliza muuguzi kama mazoezi yale yalitusaidia.

"Mnaniambia mnalala vizuri, na hofu imepungua," akasema. "Kwa upande wa kumbukumbu, bado sijui. Siwezi kukudanganya, mama."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Baadaye alihamishwa, nasi tukatawanyika. Nikienda kliniki siku hizi hupita karibu na chumba kile, na moyo hunivuta niingie, ingawa ndani sasa kumejaa vitanda vilivyovunjika.

Nilirudi kwenye kwaya, lakini safu ya alto, kitabu mkononi. Nyimbo nyingine zimerudi, nyingine la. Kuna Jumapili namtazama mwalimu mpya akiongoza, kisha nageuza ukurasa.

Yule mama wa Ngoliba hunipigia simu jioni akimaliza kumwagilia mboga. Tunaongea mambo madogo: mvua, watoto, bei ya mbolea. Neno likimpotea, namngoja. Likinipotea mimi, yeye pia hungoja, nami nasikia ng'ombe wake wakilia kwa mbali.