Hukunenepa

"Shoga, siku hizi unaumwa, au umetukasirikia?" jirani yake, mama muuza mboga, alimuuliza siku moja. Fundi wa nguo alitabasamu tu, akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akaitia kwenye tundu la sindano. Miaka yote, nguo aliyoikata vibaya ikimbana mteja, alimfinya shavu na kumwambia, "Umenenepa, mwanangu, ndoa imekukubali!" na benchi zima la mashoga waliokuja kupiga soga likacheka. Asubuhi moja, katikati ya sala, akaisikia sauti yake ikisema uongo ule kana kwamba ni ya mtu mwingine, machozi yakamtoka. Tangu hapo hupima mara mbili, na wenzake wakianza kumteta mtu, hukanyaga cherehani kwa nguvu zaidi asiwasikie. Mmoja mmoja wakaacha kuja. Moyo ulikuwa mweupe, lakini mchana ulikuwa mrefu, na wa kumshikia upindo hakuwepo.

Jana jirani alileta gauni lililogoma kifuani. "Haya, sema nimenenepa." Fundi alipapasa mshono kwa vidole vyenye makovu ya sindano. Huyu ndiye aliyebaki, na huenda naye akaondoka. "Hukunenepa, dada. Nilikata vibaya. Hata lile la harusi ya binti yako, ni mimi." Jirani alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akaanguka kwenye benchi. "Lo! Na mimi nimejinyima chakula cha jioni miaka mitatu!" Fundi naye akacheka, mabega yakamshuka kama aliyetuliwa mzigo, akaanza kufumua.

"Kesho njoo tena ukae," alisema, "hata kama huna nguo ya kushonwa."