Kisanduku cha Watoto

Cheti ninacho mpaka leo. Kimo chini ya nguo kwenye sanduku la bati, kimekunjwa mara nne, na sijawahi kumwonyesha mtoto wangu yeyote. Kinasema nilihitimu mafunzo ya kukusanya na kupanga data, na kwamba nilikuwa wa kwanza darasani. Yote mawili ni kweli, na hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia.

Nilikuwa karani katika kiwanda cha nguo hapa Eldoret, miaka ile ya chama kimoja, wakati mtu mwenye akili alijifunza kupiga makofi kabla hajajua anampigia nani. Kiwanda kilikuwa na zahanati yake, na nesi alitujua sote kwa sura. Mfanyakazi akileta mtoto, mtoto alitibiwa. Hapakuwa na karatasi. Kisha makao makuu ya Nairobi yakanunua kompyuta, na kompyuta, tuliambiwa, haimjui mtu kwa sura.

Basi tukaletewa mwalimu, kijana wa tai na viatu visivyopenda matope yetu. Kwa wiki sita, kila alasiri, makarani tulikaa kwenye kantini iliyonuka sukuma wiki ya mchana, tukajifunza kuandika tarakimu moja katika kila kisanduku, kukagua kazi ya jirani, na kujumlisha safu mpaka zikubaliane. Simsemi vibaya. Alifundisha vizuri, na mimi niliyeachia shule kidato cha pili nilijiona nimefunguliwa mlango. Sheria yake kuu ilikuwa moja: kisanduku kisiachwe kitupu. Kisichokuwa na jibu, andika sifuri. Alituimbisha sheria hiyo kama watoto wa nasari. Hakuna aliyeuliza kama kutojua idadi ya kitu na kukosekana kwa kitu ni jambo moja. Mimi pia sikuuliza. Miaka ile, aliyeuliza maswali kikaoni alikumbukwa kwa ubaya.

Zoezi la mwisho lilikuwa kazi halisi. Kila karani alipewa idara moja ajaze fomu za wafanyakazi wake, na fomu hizo ndizo zingeiambia zahanati mtoto yupi ni wa kutibiwa. Mimi nilipewa boila, mtambo wa mvuke, idara ya wazee tupu.

Nilianza na mzee aliyetia kuni kwenye tanuru, mtu wa Kiplombe aliyekuja kazini kwa baiskeli hata mvua ikinyesha. Alinijibu jina lake, mwaka alioandikwa kazi, jina la mke. Nikafika kwenye kisanduku cha watoto. Akasukuma gogo jingine tanuruni.

"Msichana yangu," akasema, "mtoto hahesabiwangi. Wewe kuja tu nyumbani uwaone."

Nilijua alichosema. Hapa sina pa kujificha. Wazazi wangu walitoka mkoa wa Kati, wakafungua duka Yamumbi, na kwetu pia ulikuwa mwiko. Mama yangu alipotaka kujua kama tumeingia wote jioni, alituita kwa majina, mmoja mmoja, na sikumsikia hata siku moja akitamka idadi yetu. Aliamini kwamba ukihesabu watoto unakionyesha kifo pa kuchagua. Ningemwambia tu mzee yule anitajie majina, nami nikahesabu kimya kwa ncha ya kalamu. Angeyataja kwa furaha. Au ningekwenda Kiplombe Jumamosi, nikanywa mursik yake, maziwa ya mgando ya kibuyuni, nikawaona kwa macho yangu. Lakini fomu zilizobaki zilikuwa nyingi, nami nilitaka kumaliza wa kwanza. Tena niliona aibu. Niliona ni ushamba, ushamba ule ule wa mama yangu, na mimi sasa nilikuwa mtu wa kompyuta. Nikamshukuru, nikasogea kando, nikaandika sifuri.

Wenzake hawakuwa tofauti. Mmoja alicheka akasema watoto ni wa Mungu. Sifuri. Mwingine alisema wapo, wanatosha. Sifuri. Safu zangu zilikubaliana bila kosa hata moja, na mwalimu akaziinua fomu zangu mbele ya darasa, akasema hiyo ndiyo kazi safi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nililitia nikiwa bado nangoja sifa.

Orodha ilirudi kutoka Nairobi kwenye karatasi pana zenye vitobo pembeni. Nilitumwa niipeleke zahanati, na nikiwa njiani nikaiona safu yangu: wazee wenye mvi, kila mmoja na sifuri yake. Nilisimama. Ofisi ya ofisa wa wafanyakazi ilikuwa hatua chache nyuma yangu. Lakini sherehe ya vyeti ilikuwa wiki iliyofuata, wakubwa walikuwa wamealikwa, na nani angetaka kusikia kwamba kazi iliyokwisha kusifiwa ni mbovu? Nikajiambia nesi anawajua kwa sura. Nikaipeleka. Wiki iliyofuata nilipeana mikono na wakubwa, nikapigwa picha.

Mvua zilipoanza, mzee wa Kiplombe alimleta kitindamimba wake asubuhi moja, msichana aliyekohoa mpaka pumzi ikawa shida. Nesi aliniambia baadaye, akilia, kwamba alifungua orodha, akaona sifuri, akaenda kumwuliza ofisa, naye ofisa akasema orodha ni orodha. Nesi alikuwa ameshapewa onyo la maandishi kwa kutibu wasiokuwa kwenye orodha. Baba akaambiwa ajaribu hospitali ya serikali. Mtoto alikufa njiani, amefungwa kwa shuka mgongoni mwa babake.

Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ofisa alisema, chai ikiendelea, kwamba wazee wale walikataa kujaza fomu, sasa wamlaumu nani. Nami nikaendelea kukoroga chai yangu.

Mzee alirudi kazini baada ya mazishi. Siku ya kwanza alikuja moja kwa moja mezani kwangu, kofia mkononi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya pole, lakini hakuyangoja. Hakugomba. Aliuliza kama ile fomu yake ingalipo. Nikaitoa. Akaikagua polepole, kisha akaweka kidole chenye masizi kwenye kisanduku cha watoto.

"Sasa andika," akasema. "Wamebaki sita."

Nikaikata sifuri kwa mstari mmoja, kama tulivyofundishwa, nikaandika sita kando yake. Alisimama pale mpaka wino ulipokauka.