Gari la Familia Linauzwa

Ndugu, jamaa, majirani, na wote mliowahi kutapika mkiwa mmetazama nyuma: kwa heshima na taadhima mnatangaziwa kwamba lile stesheni wagoni la rangi ya krimu, lililotumikia ukoo mmoja kwa miaka thelathini na minne bila kukwaruzwa, bila kubadilishwa injini na bila viti vyake kuvuliwa nailoni za kiwandani, linauzwa. Halijafa. Afya yake ni njema kuliko ya mwenye nalo, ambaye ana goti bovu. Litaagwa gerejini, nyuma ya nyumba yenye mlango wa bluu, ambako limelala chini ya shuka mbili za kitanda, moja ya maua. Mashada yasiletwe. Aletwe mnunuzi.

Hivyo ndivyo tangazo lilivyostahili kuandikwa. Lililoandikwa lilikuwa na maneno manne tu, na manne hayo nusura yavunje ukoo.

Mwenye gari ni fundi saa. Jina lake la kuzaliwa linajulikana na yeye na kitambulisho chake. Mtaa mzima unamwita Sekunde. Kwa miaka arobaini amekaa chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, kwenye pembe ambayo mtu mwenye akili timamu angeweka ndoo na fagio, lenzi imebanwa jichoni, akipasua matumbo ya saa za watu. Mafundi wengine hukwambia "njoo kesho." Sekunde hukwambia "njoo Jumanne, saa tisa na dakika ishirini," na ukifika saa tisa na nusu anakutazama kama umeiba kuku.

Sasa jengo limepata tajiri mpya, na tajiri ana ndoto, na ndoto yenyewe ni lifti. Lifti, kwa ghorofa tatu! Shimo la lifti litapita palepale anapokaa Sekunde. Akapewa hadi Jumamosi, saa sita mchana, awe ameondoka yeye na meza yake.

Yeye kuondoka si kazi. Kazi ni meza. Meza ya Sekunde ni ya mbao ngumu, aliitengeneza fundi aliyemfundisha kazi, ina vidroo arobaini na nane vya ukubwa wa kiberiti, na ndani yake mna magurudumu, springi na mishale ya saa ambazo viwanda vyake vilishasahauliwa na wenyewe. Haifunguki vipande. Mlangoni mwa nyumba haipiti. Alipima mara mbili, kisha akapima ya tatu kwa hasira. Pa kuingia ni gerejini tu, na gereji ina nafasi ya kitu kimoja: gari au meza. Meza ikikosa pa kwenda, kazi imekwisha. Na Sekunde bila kazi ni saa bila mishale: inalia tiki tiki usiku na mchana, lakini haikuambii kitu.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi akavuka barabara kwenda kwa mchora mabango, jamaa ambaye kinyozi wetu bado hajamsamehe kwa kumwandikia TUNANYOA NDEVU NA VICHWA VYA WATOTO TUNAKATA.

"Andika: stesheni wagoni inauzwa."

Mchora mabango akaitazama brashi yake kama vile ndiyo iliyoulizwa. "Stesheni... ya treni?"

"Gari, bwana. Gari refu nyuma. La kubeba watu na mizigo yao."

"Hiyo wagoni ina G moja au mbili?"

"Sijui. Mimi ni wa saa."

"Sasa mzee wangu, kwa lugha ya kueleweka, hilo ni gari gani?"

Sekunde akafikiri. "Ni gari la familia."

"Si ungesema tangu mwanzo!"

Saa nne bango likawa limetundikwa ukutani, herufi nyekundu, zimenyooka kuliko ilivyotarajiwa: GARI LA FAMILIA LINAUZWA. Saa sita kamili, Dada Mkubwa akawa ameshafika.

Dada Mkubwa wa Sekunde ni mwalimu mkuu mstaafu. Alistaafu kazi, kazi haikumstaafu yeye. Alisimama mbele ya bango, akalisoma kwa sauti kama anayesahihisha insha, kisha akaingia bila hodi. Nyuma yake binamu yao, mtu mnene, mchangamfu, aitwaye Kifungu. Huyu alisoma sheria mwaka mmoja na miezi miwili, wakaachana yeye na chuo, na hadi leo kila upande unadai ndio ulioomba talaka.

"Mdogo wangu, hili bango ni lako?"

"Ni langu, Dada. Shikamoo."

"Marahaba. Soma neno la tatu."

"Familia."

"Na mimi ni nani kwako? Abiria?"

Sekunde akaeleza. Akaeleza habari za lifti, za Jumamosi, za meza. Kifungu akamkatiza kwa kidole kilichoinuliwa juu, na kidole hicho kilikuwa kimesubiri siku hiyo tangu aachane na chuo.

"Kisheria, kaka, umeshajifunga. Hiyo 'la' ni ya umiliki. Kitabu cha mwalimu ni mali ya mwalimu. Nyumba ya jirani ni mali ya jirani. Gari la familia ni mali ya familia. Umekiri mwenyewe, hadharani, kwa rangi ya mafuta!"

"Nilimaanisha aina ya gari."

"Ulichomaanisha kiko moyoni. Ulichoandika kiko ukutani."

"Mimi nataka tu pa kuweka meza."

"Meza," akasema Dada Mkubwa, "tutaijadili kwenye mengineyo."

Kuanzia hapo Sekunde hakuwa tena na gari. Alikuwa na mkutano. Ndugu walikuja kama siafu waliopata habari za sukari: mashangazi, wajomba, wapwa, na mkwe mmoja ambaye hakuna aliyejua ni wa upande gani, lakini kwa kula hakuhitaji utambulisho. Wakavuta shuka ya maua, kisha ile nyingine, na hata wale waliokuja kugomba wakasema "aaah!" kwa pamoja.

Kusema kweli lilikuwa la kusemewa aah. Bampa linang'aa, ungeweza kunyolea ndevu mbele yake, na si kwa yule kinyozi. Vishikio vya kuzungushia vioo vyote vipo. Kitabu cha matengenezo kimeandikwa tangu ukurasa wa kwanza kwa mwandiko wa Sekunde, mdogo kama mayai ya sisimizi: tarehe, saa, dakika. Na nyuma kabisa, kwenye buti, kiko kile kiti cha tatu, kinachotazama nyuma, ambako watoto wote wa ukoo walikulia wakiwapungia mkono madereva wasiowajua.

"Pangu pale!" akapiga kelele Kifungu, na miaka thelathini ikamtoka usoni kwa mpigo mmoja.

Alhamisi ikaisha kwa kumbukumbu. Ijumaa ikaisha kwa kumbukumbu za Alhamisi. Kila Sekunde alipofungua mdomo, Dada Mkubwa alisema "mengineyo." Methali zilimtoka kama maji ya bomba bovu: umoja ni nguvu, damu nzito kuliko maji, mali bila daftari huisha bila habari. Hii ya mwisho haikuhusu chochote, lakini ilisemwa kwa mkazo.

Jumamosi saa tatu asubuhi akaingia mnunuzi.

Mwokaji wa mtaa wetu, tunamwita Mama Mikate, ni mwanamke mfupi, mwenye mikono ya bondia na unga kwenye nyusi. Hakusema "aaah." Alifungua buti, akatoa futi ya kupimia mfukoni mwa aproni, akapima urefu, upana, akapiga hesabu hewani.

"Trei nne chini, nne juu. Mzee Sekunde, washa nisikie."

Sekunde akavuta choki ya kuamshia injini, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa mara moja kwa adabu, kisha ikaanza kunong'ona. Mama Mikate akainamisha sikio kama anayesikiliza tumbo la mtoto. Walielewana bei kwa maneno mawili, na neno moja lilikuwa "haya."

"Simama hapo!" Dada Mkubwa akaja mbio, kanga begani. "Gari lililopeleka mabibi harusi saba, likabebe mikate?"

"Kwani mabibi harusi hawali?"

Kifungu akainua kile kidole. Akamweleza habari za "la" ya umiliki, kitabu cha mwalimu, nyumba ya jirani, rangi ya mafuta. Mama Mikate akamsikiliza hadi mwisho, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Baba, madukani si inauzwa dawa ya panya?"

"Inauzwa, ndiyo."

"Mwenye mali ni panya?"

Huko nje, juu ya ukuta ambako mtaa mzima ulikuwa umening'inia tangu asubuhi, kicheko kikapasuka. Mchora mabango alicheka hadi akashuka ukutani bila kutaka. Mtu akapiga kelele, "Kifungu, panya wanamtaka wakili wao!" Kifungu akasema, "Hiyo ni 'ya' ya... ya kukusudia," na papo hapo akatambua kwamba amemaliza kesi, na kaimalizia upande wa pili.

Lakini ukoo haufi kwa hoja moja. "Basi twende mzunguko wa mwisho!" akasema Kifungu kwa haraka ili kuficha aibu. "Mmoja tu! Wa kuaga!"

Sekunde akatazama saa yake. Saa nne na robo. Wapagazi wawili wa mkokoteni walishaitoa meza chini ya ngazi na walikuwa njiani. "Mmoja," akasema.

Wakaingia tisa. Dada Mkubwa mbele, akimwonyesha njia mtu aliyezaliwa mtaa uleule. Kifungu akajisukuma kwenye kiti cha nyuma, magoti masikioni, anacheka peke yake. Gari likatoka, na jamani, mtaa ulisimama! Honi yake ilikuwa na sauti ya tarumbeta. Watu walitoka madukani, wakapiga vigelegele, kinyozi akatoka na mteja wake aliyenyolewa nusu, wote wawili wakapunga mkono. Mashangazi wakaimba, kila mmoja wimbo wake. Kifungu, akiwa amewatazama waliobaki nyuma, aliwapungia kama rais anayeondoka madarakani kwa hiari yake. Mzunguko mmoja ukawa mitatu, maana kila Sekunde alipotaka kukata kona ya kurudi nyumbani, Dada Mkubwa alisema "nyoosha."

Waliporudi ilikuwa saa tano na nusu. Langoni mkokoteni umesimama juani, meza juu yake, wapagazi wamekunja sura.

"Mzee, sisi saa sita tuna friji ya mtu. Pasipo pa kuishusha, tunaishusha hapa barabarani."

Sekunde akazima injini. Vidroo arobaini na nane, katikati ya vumbi na magurudumu ya malori! "Shukeni," akawaambia ndugu zake. "Shukeni wote."

Wakashuka wanane.

"Kifungu, shuka."

"Nashuka," akasema Kifungu. Baada ya muda akasema tena, "Nashuka," lakini sasa kwa sauti ya mtu anayejadiliana na Mungu.

Aliingia kwa furaha, na furaha haina kipimo. Kutoka kulitaka vipimo. Makalio yalikuwa yameshikwa kati ya kuta mbili za matairi kama kizibo kwenye chupa. Wajomba wakavuta mkono wa kulia, wapwa wa kushoto. Wakampaka mafuta ya nywele. Shangazi mmoja akamshauri afikirie habari za huzuni ili apungue.

"Toa pumzi!"

"Nimetoa yote! Hii ninayosemea nimeazima!"

Mtaa juu ya ukuta ukahesabu moja, mbili, tatu, vuta. Gari zima likasogea, Kifungu hakusogea.

Mama Mikate akachuchumaa, akachungulia chini ya kiti. "Kimefungwa kwa boliti nne. Mimi sikihitaji, mikate yangu haina haja ya kutazama nyuma. Mama mwalimu, sikia: hii kweli ni mali ya familia, mtu na kiti chake. Chukueni vyote viwili. Mimi nichukue lililobaki."

Watu wote wakamgeukia Dada Mkubwa. Alivuta pumzi, akatafuta methali. Tuliona akitafuta. Aligeuza macho juu, akayashusha, akatazama binamu yake anayeng'aa kwa mafuta, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, bomba likatoa hewa tu.

"Haya," akasema.

Kumbe Sekunde alishalala chali chini ya gari, na goti lake bovu, spana mkononi. "Dakika kumi na moja," sauti yake ikatoka huko. Ikawa kumi na moja. Wanaume wanne wakainua kiti na Kifungu juu yake, wakamtoa butini kama mfalme anayepelekwa kutawazwa, na shangwe iliyopigwa ilitikisa mabati ya gereji. Wakamtua kwenye kivuli cha kwanza walichokiona, cha paa la gereji. Sasa alikuwa huru kusimama, lakini alikunja mikono na kutikisa kichwa: raha ilikuwa imemwingia. Alitaka aachwe kidogo.

Mama Mikate akapanda, akasogeza kiti mbele hadi mwisho, akavuta choki. Likanong'ona. Likatoka langoni, honi juu, bampa likirusha jua kwenye nyuso za watu. Mashangazi wakalia, wakacheza, wengine vyote kwa pamoja. Dada Mkubwa akamshika mdogo wake bega, machozi yanamtiririka waziwazi bila kujali kwamba kuna waliowahi kuwa wanafunzi wake juu ya ukuta.

"Mdogo wangu! Miaka thelathini na minne! Harusi, misiba, watoto wetu wote! Usinyamaze hivyo, utapasuka. Sema neno, watu wote hawa wanakusubiri wewe."

Kelele zikazima. Hata wapagazi walivua kofia. Sekunde akatazama barabara, akatazama meza juu ya mkokoteni, akatazama gereji, akatazama saa. Sita kasoro dakika nne.

"Kifungu," akasema, "toka hapo mlangoni. Meza haipiti."