Visu vyetu vya kazi bado vina bei ya chini kwa sababu ya mke wangu, na nusura baba alichukue fuawe lake

Wakuu, salama humu ndani?

Mimi ni mhunzi, niko Buswelu hapa Mwanza. Nafua visu vya wanawake wanaopasua sangara kule mwaloni, samaki wanakoshushwa. Kila mara naulizwa, "Fundi, kisu kigumu hivi unauzaje bei hii? Umeiba chuma?"

Leo naeleza kama ilivyo. Sina cha kuongeza chumvi.

Chuma natoa kwenye springi za malori zilizokatika. Mafundi wa gereji wananiwekea, pamoja na oili chafu ya kupoozea kisu kikitoka motoni. Mkaa ndio unaoniumiza, basi nasubiri oda zijae ndipo niwashe, moto mmoja utoe visu vingi.

Sing'arishi kisu. Kikitoka ni cheusi kama sufuria ya msibani, makali tu ndiyo yanang'aa. Kung'arisha ni umeme na muda, na sangara haangalii sura.

Mpini pia siweki. Nakuuzia chuma na mkia wake, mpini unaufunga mwenyewe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Wageni hulalamika sana hapo. Ila wale akina mama kila mmoja ana mkono wake na anajua anavyotaka kushika. Ukimwekea mpini wa mbao wenye vanishi anaung'oa, maana mafuta ya samaki yanautelezesha.

Na kisu kikiliwa kwa kunolewa hadi kikawa chembamba, unakirudisha nakupunguzia bei ya kipya. Nakifua kinakuwa kidogo cha kuparia magamba ya sato.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi ya uzi. Sasa ngumu.

Bega langu la kulia lilikufa. Halikufa kabisa, ila hospitali waliniambia nikiendelea kuinua nyundo kubwa nitabaki nakula kwa mkono wa kushoto maisha yangu yote.

Kufua kunataka watu wawili. Mmoja anashika chuma kwa koleo na kukigeuza, mwingine anapiga. Kumwajiri mpigaji ni kupandisha bei, na bei ikipanda wale mama wanarudi kwenye visu vyembamba vya dukani. Nilikaa na hilo jambo hadi hamu ya kula ikaniisha.

Mke wangu, Mama Koku, ni Mhaya. Siku zote yeye ndiye aliyepeleka visu mwaloni. Siku moja akaniangalia, akajifunga kanga mbili kiunoni, akaokota nyundo.

"Wewe shika. Mimi nitapiga."

"Utaweza?"

"Mihogo nimetwanga tangu mtoto. Hiki kinatofautiana nini, zaidi ya kelele?"

Mapigo yake ya mwanzo nayaogopa hadi leo. Lakini alijifunza. Mkijua jinsi nilivyokuwa najisikia kumtazama anatoka jasho kwa ajili ya bega langu, mtanisamehe nikisema nampenda kuliko siku ya harusi.

Shida ni kwetu. Ukoo wetu ni wahunzi wa upande wa Sengerema, na huko mwanamke hasogelei moto wa kufulia. Mama yangu mzazi alikuwa anaacha chakula mbali, anaita, anaondoka.

Na fuawe, kile chuma kizito tunachopigia juu yake, halikuwa langu. Ni la baba. Kwetu baba anamkabidhi mwana, na akiona kazi imeharibiwa analichukua. Chuma kingine ningepata. Ila baba akikunyang'anya fuawe amesema wewe si mhunzi wake tena.

Kuna ndugu alipita hapa akaona. Siwezi kumlaumu, mdomo alipewa wa kusemea. Baba akapiga simu, maneno machache: "Nakuja kuchukua fuawe langu."

Akavuka na kivuko, akatukuta tumewasha. Mama Koku akaweka nyundo chini, akapiga magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akakaa kwenye debe, fimbo katikati ya magoti. Nikajikuta nachokonoa makaa yasiyohitaji kuchokonolewa, na mimi ni mtu mzima mwenye ndevu.

Akaingia Mama Rhobi, mteja wetu wa siku nyingi, mtu wa Mara, asiyejua kumung'unya maneno. Hakumjua mzee. Alikuwa amerudisha kisu chake kilicholiwa.

"Mbona moto unawaka hampigi? Mama Koku, umechoka?"

Nikajibu mimi kwamba huenda leo tunafunga, baba hataki mwanamke apige.

Mama Rhobi akamgeukia mzee. "Shikamoo baba. Sijui mambo ya kwenu. Mimi najua huyu asingeinua nyundo, mimi kisu ningekiona kwa macho tu."

Baba akanyoosha mkono, akapewa kile kisu. Akakipima kwa kidole gumba, akautazama ule mpira uliolainika kwa kushikwa.

"Unawauzia bei gani?" akaniuliza.

Nikamtajia.

"Hiyo si ndiyo niliyokuachia?"

"Nimeongeza ya mkaa tu, baba."

Kisha akasimama, akanyang'anya koleo mkononi mwangu. Nikajua yamekwisha.

Akachomoa chuma kilichoiva, akakilaza juu ya fuawe. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mkwewe.

"Unainua nyundo juu sana, utaumia kama huyu. Piga hapa, mama. Taratibu."

Mama Koku akapiga.

Wakuu, nilienda kusimama nyuma ya feni ya kupulizia moto ili nisingizie moshi.

Baba aliondoka kesho yake, mikono mitupu.

Nilichojifunza: bei ya kitu cha mnyonge haishuki yenyewe. Kuna mtu mahali anaubeba ule uzito, na mara nyingi hatumuoni. Mimi wangu namuona kila siku, na jioni namkanda mabega kwa mafuta ya nazi.

Wenye wenza wanaofanya nao kazi, hebu semeni nyumbani kwenu nani anapiga na nani anashika. Na kama wazee waliwahi kuwakatalia halafu wakalegea, ilikuwaje? Mama Koku atasomewa komenti zote, kwa hiyo mjiheshimu.