Ubao wa Kinyume

Baba mkwe alikuwa fundi wa kuchonga milango pale Temeke, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko patasi yake. Kiwanda cha nguo kilipouzwa na mume wangu akapunguzwa kazi, mzee aliwaambia wateja wake, nami nimesimama palepale na chai yake mkononi, "Mwanangu kapunguzwa kazini, na akili nayo wameipunguza." Wakacheka. Nikaiweka chai juu ya maranda, nikaenda zangu. Tangu siku ile sikumpenda tena, wala sikuhangaika kuficha.

Mume wangu alikuwa fundi umeme kiwandani. Wenzake walifungua magenge ya nyanya. Yeye akanunua kompyuta ya mtumba na printa mbovu, akazifumua zile printa na kutoa mota zake. Chumba chetu cha pili, ambacho nilitaka tukipangishe, kikajaa vyuma. Alikuwa anaunda mashine ya kuchonga mbao itakayoongozwa na kompyuta. Kompyuta, alinieleza, hutoa amri tu, haina nguvu ya kuzungusha hata mota ndogo. Kwa hiyo katikati lazima iwepo bodi ya kupokea zile amri na kuipa mota umeme wa kutosha. Bodi hiyo aliiunga mwenyewe kwa vipuri vya redio, nyaya zikitokea kwenye tundu la printa nyuma ya kompyuta. Moshi wa risasi ya kuungia uliingia mpaka kwenye wali.

Nilimnunia. Lakini siku mota ilipozunguka kwa mara ya kwanza, kwa amri ya kibodi, nilimkuta amejiinamia anafuta macho kwa shati. Akaniambia, "Sasa baba atakuja kuona." Ndipo nilipoelewa kwamba mashine ilikuwa kisingizio. Mtu mzima yule alitaka baba yake amwambie neno moja jema, maana hajawahi kuambiwa, na hilo lilinitia hasira zaidi ya moshi.

Kwa wachongaji wenzake baba mkwe, chombo kipya hakiandiki neno lolote kabla ya Bismillah. Unaweza kukijaribia maua na duara, lakini neno la kwanza ni hilo, na huandikwa mbele ya mafundi wenzako. Mume wangu alifuata desturi. Alijaribu maua wiki nzima, yakatoka safi. Kwa Bismillah akachukua mwandiko wa baba yake mwenyewe kutoka kwenye mlango wa zamani, akauhamishia kwenye karatasi ya miraba, kisha akaingiza namba za kila kona kwenye kompyuta.

Mzee akaja na wachongaji wenzake. Wakanywa kahawa, wakasoma Fatiha, mashine ikawashwa. Mume wangu alikodolea macho kioo cha kompyuta, na kwenye kioo maandishi yalikuwa sawasawa. Wachongaji walitazama ubao. Mmoja akasema taratibu, "Astaghfirullah." Maandishi yalikuwa yanatoka kinyume, kulia kumekuwa kushoto, kama unavyoyaona kwenye kioo cha kujitazamia.

Kosa lilikuwa waya mbili. Alikuwa amezipachika kwa kupishana kwenye bodi, mota moja ikawa inakwenda kushoto kila ilipoambiwa kulia. Ua likigeuzwa hubaki ua lilelile, ndiyo maana majaribio hayakumwonyesha kitu. Alieleza hayo yote huku jasho likimtoka. Nani alimsikiliza? Kwetu anayeligeuza neno la Mungu ni mchawi, na mchawi hana habari za waya.

"Kuna watu wanasoma kinyume usiku kwa kujificha," mzee alisema. "Huyu wangu kanunua mtambo."

Akauchukua ule ubao. Nilidhani atauchoma, angalau kwa heshima ya neno. Akaufunika kwa gunia, akautundika kwenye karakana yake, na kila mteja aliyeingia alifunuliwa ubao akaambiwa ni kazi ya nani. Wanawake bombani wakawa wananipisha hata nisipokuwa na haraka. Mume wangu aligeuza zile waya siku ileile. Mashine ikaandika vizuri, tena vizuri sana, na hakuna aliyekuja kutazama.

Miaka ikapita hivyo, mpaka mikono ya mzee ikaanza kutetemeka. Patasi ikawa haimkubali. Asubuhi moja akaja kwetu amebeba ubao wa mninga, mkavu, hauna hata jicho moja la tawi, aliouhifadhi kwa ajili ya mlango wa nyumba yake.

"Shikamoo, baba," mume wangu alisema.

"Marahaba. Mie mikono hii imeshanikataa. Nataka jina langu, na maua pembeni. Mtambo wako bado unafanya kazi?"

"Unafanya."

Mzee akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, mkono ukimcheza, mume wangu akazinyoosha na kuziingiza kwenye kompyuta. Halafu akainamia ile bodi. Nilimwona akichomoa waya mbili na kuzipachika kwa kupishana, kama siku ile. Bismillah asingethubutu, alimwogopa Mungu. Jina la baba yake hakuliogopa.

Mashine ikaanza na maua. Mzee alivuta kigoda, akaweka kiganja juu ya ubao na kufuata ncha ilikopita. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mashallah. Mwanangu, hapa hata mie nisingekufikia."

Mume wangu alikuwa ameshika swichi. Maua yalikuwa yamekwisha, ncha imenyanyuka inakwenda kwenye jina, na bado kulikuwa na nafasi ya kuzima. Hakuzima. Sijui kama hakutaka au hakuweza, na hadi leo hajaniambia.

Herufi ya kwanza ikatoka kinyume. Mzee alikuwa amechonga herufi maisha yake yote, hakuhitaji ya pili. Akaondoa kiganja, akajifuta vumbi la mbao kwenye kanzu.

"Kumbe hata siku ile ulikusudia," alisema.

Mume wangu akaapa kwamba siku ile ilikuwa bahati mbaya. Mzee alikuwa ameshafika mlangoni anatafuta viatu vyake.